Chumvi ya Sultani

Harufu ya mpira wa baiskeli uliolowa maji ya chumvi sijaikuta mahali pengine popote isipokuwa nyumbani kwetu, mtaa wa Kabondo, katika miezi ile ya uasi. Ilikuwa harufu nzito, ya mpira uliopata joto na ya kitu kibichi kilichokaa muda mrefu bila jua, na ilianza mara tu nilipolegeza uzi na kuacha hewa ipite. Hata leo nikifumba macho naipata. Vidole vyangu hujikunja vyenyewe kana kwamba vimeshika mpini wa pampu, nami naanza kuhesabu: mapigo thelathini asubuhi, thelathini adhuhuri, thelathini kabla ya magharibi. Nimemaliza chuo kikuu mwaka huu, nimesomea elimu ya viumbe, na wanaonijua husema kwamba mimi hulifikiria jambo mpaka likachakaa. Mama anasema nilizaliwa hivyo. Mimi nadhani nilianza siku ile nilipotia chumvi isiyofaa ndani ya maji, nikiwa na miaka kumi, na kipimo kikaniambia kwamba nimefanya sawa.

Papa alikuwa msaidizi wa mfamasia mmoja Mzungu katikati ya mji. Kazi yake ilikuwa kupima unga wa dawa kwa mizani ya shaba, kuukunja katika vikaratasi, na kuandika majina kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Sisi ni watu wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walifika huku na misafara ya biashara, wakabaki. Ndugu za Papa walikuwa washonaji na wauza vitambaa, yeye peke yake alivaa koti jeupe. Mfamasia huyo tulimwita Monsieur tu. Nyuma ya rafu zake za chupa alikuwa na tangi la kioo, na ndani yake viumbe watatu waliokuja kwa ndege kutoka pwani, mwisho kabisa wa mto wetu. Walikuwa na kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, na mwili wa magamba magumu kama kitu kilichochongwa kisha kikasahauliwa. Walisimama wima ndani ya maji, mikia yao imeshika kijiti, wakitazama huku na huku, jicho moja likienda kushoto na jingine kulia. Papa alisema hao ni farasi wa baharini. Nilimwamini, ingawa sikuwa nimewahi kumwona farasi wala bahari.

Uhuru ulikuwa na miaka minne wakati uvumi ulipoanza kufika mjini kwamba waasi wanakuja. Monsieur akapata nafasi katika ndege, akasema anakwenda mji mkuu kwa wiki mbili, mambo yakitulia atarudi. Alimwachia Papa ufunguo, mfuko wa chumvi ya bahari uliokuwa umebaki nusu, karatasi moja ya maagizo kwa Kifaransa, kopo dogo la mayai ya vidudu vya maji ya chumvi, chakula chao, na kipimo: kijiti cha kioo kinachoelea, chenye mstari mwekundu shingoni. Maji yakiwa na chumvi ya kutosha, kijiti husimama mpaka kwenye mstari, yakipungukiwa, kinazama. Papa hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia Monsieur kwamba akirudi atawakuta. Alituhadithia jioni ile wakati wa kula, kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito kuliko alivyotarajia, na tangu hapo neno hilo likakaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeondoka. Atawakuta.

Kwa kuwa kila mtu alisema maduka ya katikati ya mji ndiyo yatakayovunjwa kwanza, Papa alikodi mkokoteni na mtu wa kuusukuma, akalileta tangi nyumbani, maji yakiwa nusu, na farasi watatu ndani ya jagi kubwa la kioo alilolikumbatia kifuani njia nzima. Nilitembea pembeni nikishikilia karatasi ya maagizo, nikiwa na hakika kwamba kila shimo la barabara litawaua. Barabara haikuwaua, lakini ililegeza kona moja ya tangi, na kuanzia siku ile tone moja la maji lilianguka pale kila baada ya muda. Papa aliziba kwa mastiki ya kubandikia vioo, akaziba tena kwa utomvu ambao wavuvi huzibia mitumbwi, na tone likapata njia nyingine. Kila wiki ilibidi tuongeze maji mapya yenye chumvi. Mfuko wa Monsieur ukaanza kushuka.

Umeme haukufika kwetu, na mashine ya kupulizia hewa iliyokuja na tangi ikawa pambo. Hapo Papa alifanya jambo ambalo hata sasa, baada ya kusoma miaka yote hii, naona lilikuwa la akili. Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli yake ya zamani, akauunganisha na mrija mwembamba wa famasi, akaubana mrija kwa uzi. Unaujaza mpira hewa kwa pampu, unalegeza uzi kidogo, na hewa inatoka polepole ndani ya tangi, pupu, pupu, pupu, karibu saa nne nzima. Kazi ya kuujaza ikawa yangu. Kazi ya kuwalisha pia ikawa yangu, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Farasi wa baharini hana tumbo la kuhifadhi chakula kama sisi. Anakula kutwa, tena anakula kinachotikisika tu. Ukimpa kilichokufa atakitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, na kukiacha. Mayai ya kopo yalikwisha mapema. Baada ya hapo nilikwenda na kichungio cha chai kwenye mitaro na mapipa ya mvua, nikivua viluwiluwi vya mbu. Ndani ya maji ya chumvi viluwiluwi havidumu, hivyo sikuweza kuvimwaga vyote pamoja. Ilibidi nitie vichache, nisubiri vimezwe, nitie vingine. Jirani yetu, Mama Zaina, aliyekuwa akifunga chikwange, mikate yetu ya muhogo, katika majani uani kwake na kutuona juu ya ua wa miti, alipata mchezo wa bure.

“Saida,” aliniita kila asubuhi, “mbu yenu iko na afya? Ya kwetu inakonda, labda utupatie mbegu.”

Niliwapa farasi majina, jambo ambalo Papa alinionya nisilifanye. Mkubwa, mwenye taji la miiba kichwani, nilimwita Sultani. Wa manjano aliyependa kujizungusha kwenye mrija nilimwita Kamba. Mdogo wa kahawia, ambaye mgeni hawezi kumwona mpaka ameoneshwa, alikuwa Kijiti. Nilijua kila mmoja anashika wapi asubuhi na wapi jioni. Nilijua kwamba Kamba na Sultani husalimiana kulipopambazuka, wakizunguka pamoja mikia ikigusana, na kwamba wasiposalimiana kuna tatizo. Sikuandika hayo popote. Niliyabeba tu kichwani, nikiyapitia tena na tena kitandani.

Waasi waliingia mjini mwezi wa nane. Sisi watoto tulikatazwa kutoka nje ya ua, famasi ikafungwa, na Papa akaitwa kupima dawa hospitalini, kila siku akienda na kurudi uso umemkauka. Siku moja waasi watatu wenye majani kichwani walikuja kukagua nyumba. Waliangalia chini ya vitanda, wakafungua masanduku ya nguo, kisha mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye lafudhi ya huko Bengamisa, akasimama mbele ya tangi, akainama mpaka pua yake ikagusa kioo. Aliuliza ni nini. Papa akajibu kwamba ni farasi.

“Farasi ya namna gani inaenea mu kikombe?” yule mtu akasema. Akamtazama Sultani, Sultani akamtazama kwa jicho moja. “Papa, Muzungu alikudanganya. Hii iko kinyonga ya mu maji.” Wenzake wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, na kwa namna fulani kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, maana hakuuliza tena ni mali ya nani. Walipoondoka walichukua baiskeli mpya ya Papa na kusema watairudisha. Pampu waliiacha. Papa alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu, akaniambia niendelee kupuliza hewa.

Kisha chumvi ikakwisha mjini. Meli zilikuwa hazipandi mto, na hata wafanyabiashara wa Isangi, ambao siku zote mitumbwi yao ilifika na samaki wa moshi na mizigo midogomidogo, walikuwa hawana. Wali ukaliwa bila chumvi, pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaliwa bila chumvi, watu wakawa wanapika kwa hasira. Hapo ndipo wazee walipokumbuka chumvi ya zamani. Koko, ndivyo tunavyowaita bibi na babu huku kwetu, na huyu alikuwa mama yake Papa, alitoka na wanawake wenzake kwenda ukingoni kukusanya yale majani yanayoelea mtoni. Waliyakausha, wakayachoma mpaka yakawa majivu ya kijivu, wakayatia majivu katika kikapu na kumimina maji juu yake, na maji yaliyochuruzika chini wakayachemsha mpaka yakabaki unga mweupe. Ulikuwa na ladha ya chumvi, na nyuma ya ladha hiyo uchungu kidogo. Pondu ikarudi kuwa pondu. Mtaa mzima ukamshukuru Koko, naye, aliyekuwa ameishi miaka mingi akitazama watu wakinunua kila kitu dukani, akatembea uani akiwa amenyoosha mgongo.

Siku zilezile Sultani alianza kuvimba. Sehemu ya chini ya kifua chake, palipokuwa na mstari mwembamba, palitokeza kama mfuko uliojazwa. Niliuona uvimbe huo kabla ya mtu mwingine yeyote, na kabla ya kumwambia mtu nilikuwa nimeshahukumu: nimemlisha kupita kiasi. Karatasi ya maagizo ilisema wazi, kidogo kidogo. Nilirudi nyuma kichwani nikahesabu kila kichungio nilichomimina, nikapata asubuhi mbili nilizokuwa na haraka. Sikuthubutu kumwambia Papa. Kwa siku nne nilimnyima Sultani chakula, nikiwalisha wenzake kwenye kona nyingine, na kwa siku nne akanifuata kwa jicho lake upande huu na upande ule wa kioo. Hakupungua. Aliongezeka.

Asubuhi ya siku ya tano, Papa akiwa hospitalini, niliangalia tangi nikaona maji yameshuka mpaka chini ya mrija. Mfuko wa Monsieur ulikuwa umebaki vumbi. Papa alikuwa amesema atatafuta chumvi kwa watu anaowafahamu, nisiguse kitu mpaka arudi. Lakini nilimwona Kijiti ameinama karibu na uso wa maji, nikafikiri: na akichelewa? Na asipopata? Koko alikuwa jikoni akikwangua sufuria. Alinisikia nikilalamika peke yangu, akaja na bakuli limejaa unga mweupe, akaliweka mikononi mwangu. “Chumvi iko chumvi, mutoto,” alisema. “Wape na wao.” Nilikoroga unga ule katika maji ya mvua, nikaweka kipimo. Kilizama. Nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka kijiti cha kioo kikapanda na kusimama sawasawa kwenye mstari mwekundu. Nakumbuka furaha niliyoipata. Kwa mara ya kwanza tangu tangi lifike nyumbani sikuwa na swali hata moja. Nikamimina.

Baada ya swala ya adhuhuri Kamba aliachia mrija. Farasi wa baharini haachii. Hata akilala mkia wake umeshika kitu. Yeye aliachia, akalala ubavu chini ya tangi, mapezi yake madogo yakitetemeka halafu yasitetemeke. Nilimwekea kijiti karibu na mkia, mkia haukujikunja. Sultani alikuwa bado ameshika, lakini kwa ncha tu. Nilitoka mbio mpaka barabarani, nikakumbuka nimekatazwa, nikarudi, nikatoka tena. Hivyo ndivyo Papa alivyonikuta, mlangoni, nikiingia na kutoka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akatazama kipimo kilichosimama kwenye mstari wake, akakunja uso. Halafu akachovya kidole, akaonja, akatema nje. Koko alikuwa amekwisha kufika nyuma yake. Alisema ni yeye aliyetoa. Nikasema ni mimi niliyetia. Nikangoja kelele ya Papa, kwa sababu kelele ingekuwa rahisi.

“Kipimo hiki kinapima uzito wa maji tu, Saida,” alisema. “Hakiwezi kukuambia umetia nini.”

Aliwatoa Sultani na Kijiti akawaweka kwenye bakuli dogo la maji ya mvua yaliyotiwa makombo ya mwisho ya mfuko wa Monsieur, maji ya kuwafikisha jioni tu. Jagi lile kubwa la famasi alilisafisha, akalijaza maji ya mvua, akahesabu kwa sauti: ilihitajika chumvi ya dukani, ile ya bahari, yenye chembe kubwa za kijivu, si ya majivu, karibu theluthi ya kilo. Kiasi kidogo alichokuwa amepewa hospitalini siku ile kilikuwa cha kuwaoshea watu vidonda, na hakukigusa. Basi nikaona ni bora niseme yote. Nikasema kwamba Sultani alikuwa mgonjwa tangu zamani, kwamba nilimlisha kupita kiasi akavimba, na kwamba nimemnyima chakula siku nne. Papa akainua bakuli kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama uvimbe ule muda mrefu. Nikamwona uso wake unabadilika, si kwa hasira, bali kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba alimbishia mwenzake bure.

“Monsieur aliniambia,” alisema. “Jike inatia mayai mu mufuko ya dume, na dume ndiyo inazaa. Nilifikiri ananitania.”

Mama alikuwa amesimama mlangoni mikono imejaa unga wa muhogo. Tangu tangi liingie nyumbani alikuwa hajasema neno jema juu yake. Aliwaita farasi wale wadudu wa Muzungu, na mara mbili aliuliza kama watu wazima wenye watoto wanaotazama sufuria tupu wanapaswa kuwa na kazi hiyo. Sasa alikuja karibu, akainama. “Donc huyu iko na mimba,” alisema, na Papa akajibu ndiyo. “Mwanaume.” Papa akajibu ndiyo tena. Mama aliosha mikono yake polepole, akaingia chumbani, na tukasikia sanduku likisogezwa. Aliporudi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, lenye mfuniko uliofungwa kwa kitambaa. Wote tulilijua kopo lile. Ndani yake kulikuwa na chumvi ya dukani, ya mwisho nyumbani, aliyoificha tangu waasi waingie kwa ajili ya arusi ya tante Mwamini, mdogo wake. Aliliweka mbele ya mizani ya shaba ambayo Papa aliileta kutoka famasi. Mtaani kwetu ilikuwa desturi, wala sijui ilianza lini, kwamba mwenye mimba akihitaji kitu kilichomo jikoni kwako, humnyimi. Ilisemwa kwamba ukimnyima mtoto atazaliwa na alama ya kitu kile, na alama itakuwa juu yako. Mama alirudi kwenye unga wake.

Chumvi ya kopo haikutosha. Mizani ya shaba ilikaa upande. Koko ndiye aliyetoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba, mwanamke aliyekuwa amewapa wote chumvi ya majani, akaomba kijiko kimoja cha ile nyingine, kwa yeyote aliyeficha, kwa ajili ya mjamzito. Walipouliza mjamzito gani, aliwaambia waje waone. Nadhani walikuja kwa sababu miezi ile hapakuwa na kitu cha kutazama ambacho hakikuwa cha kutisha. Walijaa chumbani kwetu, wakipokezana mbele ya bakuli, na Mama Zaina akawa wa kwanza kuelewa.

“Mwanaume ambaye anabeba mimba mwenyewe?” alisema. “Huyu mumupatie chumvi yote. Yangu na ya mama yangu. Na muniitie bwana yangu aje kuangalia vizuri.”

Bwana yake, fundi seremala mpole aliyekuwa akichungulia juu ya ua, alisema ameona vya kutosha. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja mmoja wakafungua pindo za vitenge na vikaratasi, vijiko vikatua kwenye mizani, na kila kijiko kilipotua Papa alisema asante Mama, kwa heshima ileile aliyowapa wateja wa famasi. Maji yalipokuwa tayari kipimo kilisimama kwenye mstari, lakini safari hii Papa hakukiamini. Alionja, akaniambia nionje, na wanawake nao wakachovya vidole. Mama Zaina alilamba chake, akafikiri. Akauliza kama bahari yenyewe iko hivi. Papa, ambaye hakuwa ameiona bahari ila aliyajua maji ya Monsieur, akasema iko hivi. “Alors watu ya kule hawana taabu ya kupika,” akasema Mama Zaina, na huo ukawa mwisho wa jambo.

Sultani alizaa asubuhi ya siku ya tisa baada ya wanawake kuchanga chumvi. Nilikuja na pampu yangu nikakuta maji yamejaa mikwaruzo midogo, kana kwamba mtu amemwaga vipande vya herufi, na kila kipande kilikuwa na kichwa cha farasi. Yeye alikuwa ameshika kijiti chake, amekonda, anajikunja na kujinyoosha, na kila alipojikunja wengine walitoka. Furaha yangu ilidumu mpaka adhuhuri, wakati nilipogundua kwamba kiluwiluwi kimoja cha mbu kilikuwa kikubwa kuliko mtoto yeyote kati yao. Hawakuwa na cha kula. Jioni walianza kuzama. Siku ya pili walizama wengi zaidi, na nilikuwa tayari kujificha chini ya kitanda nisione, lakini Koko alinivuta mpaka kwenye chungu cha nje alichokuwa akinyweshea mbuzi. Maji yake yalikuwa ya kijani. Ndani yake kulikuwa na chembe nyeupe, ndogo kuliko mbegu ya haradali, zikirukaruka. Alikuwa ameziona miaka mingi, alisema, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulizichuja kwa ushungi wake. Watoto wa Sultani walizitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, wakafyonza. Kati ya wale wote walibaki sita. Tante Mwamini aliolewa wiki iliyofuata, na wageni walikula wali uliotiwa chumvi ya majani. Hakuna aliyelalamika, na mama mkwe wake aliomba kufundishwa.

Siku ndege za askari zilipokuja kuwafukuza waasi na mji ukajaa milio ya bunduki, tulilala sakafuni chumba cha ndani, magodoro yameegemezwa dirishani, na jagi likiwa kati yetu. Kila baada ya saa chache nilitambaa mpaka kwenye pampu, na Papa hakunizuia. Nadhani alijua kwamba kuhesabu kulikuwa kunanishikilia. Bwana wa Mama Zaina alitoka siku ya pili kutafuta maji na hakurudi. Mama alimleta Mama Zaina kwetu na watoto wake, wakalala nasi wiki tatu, na katika wiki hizo yeye ndiye aliyenisaidia kuchuja chembe za chungu cha mbuzi, asubuhi na jioni, bila mzaha hata mmoja. Siku moja tu alisema, akimtazama Sultani, kwamba mume wake alipaswa kusogea karibu siku ile, badala ya kuchungulia.

Monsieur alirudi mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kwa siku tatu, kufunga duka. Papa alivaa koti lake jeupe, akambebea jagi. Alikuwa ameachiwa watatu, akarudisha wanane: wakubwa wawili na wadogo sita. Kwanza alimwambia juu ya Kamba, na sababu yake, na hakusema kwamba ni mtoto aliyefanya, alisema tulifanya. Monsieur alivua miwani akaishika mkononi. Aliuliza chumvi tulipata wapi. Papa alijibu kwamba walichanga akina mama, na kwa kuwa Monsieur aliona ni jibu la heshima tu, hakuuliza zaidi. Aliondoka nao ndani ya ndege, akisema atawarudisha pwani walikotoka. Kama walifika sijui. Nimeliwaza swali hilo kwa njia nyingi sana, nikihesabu joto, muda wa safari, hewa iliyomo katika chombo kilichofunikwa, na hesabu zangu hutoa jibu tofauti kila ninapozirudia.

Leo chumvi imejaa sokoni, nyeupe, laini, katika vifuko, na wauzaji huipima kwa kikombe wakiangalia pembeni. Tangi liko kwa tante Mwamini, anafugia vifaranga. Koko hayupo tena, lakini wanawake wawili wa mtaa wetu bado wanachoma majani ya mto, eti kwa ladha. Mimi nimepata barua ya kazi: kufundisha elimu ya viumbe katika shule moja huko pwani, mwisho wa mto. Nimekaa na barua hiyo siku kumi na mbili bila kuijibu. Nimeandika sababu za kwenda upande mmoja wa karatasi, za kubaki upande mwingine, na pande zote mbili zimelingana kwa namna inayonitia shaka, maana tangu ile asubuhi ya bakuli la Koko siogopi makosa kama ninavyoogopa mambo yanaposimama sawasawa kwenye mstari.

Jana nilimkuta Mama akifunga begi ambalo sikuwa nimemwomba afunge. Mama Zaina alikuwa ameketi karibu yake, nywele zimekuwa nyeupe, akizipiga kofi nguo zangu zaidi kuliko kuzikunja. Mama alikuwa ameshika kifuko cha chumvi. Alikitazama, akakumbuka ninakokwenda, akakiweka pembeni, na wote wawili wakacheka kama siku ile. Kisha Papa akaja, taratibu, na fimbo yake, akampa Mama Zaina chupa tupu ya famasi, ile ya kioo yenye kizibo cha kioo kinachobana. Mama Zaina akaifunga ndani ya kitenge changu kimoja.

“Utatuletea maji ya bahari, Saida,” alisema. “Tutaonja. Tuone kama Papa yako alipima vizuri.”

Papa alisema kwamba alipima vizuri. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili sauti yake haikuwa na hakika sana, nikajua shaka yangu nimeirithi wapi. Asubuhi hii nimeandika jibu la barua, nimeandika ndiyo, na kabla sijaanza kulifikiria upya nimelipeleka posta kwa miguu.